Nimezipitia Zote

Nolasco akipita leo mbele ya duka langu nitamuuzia anachotaka, maana duka ni duka na mimi sijawahi kumfukuza mteja. Lakini salamu yake sitaiitikia. Nimeshalisema hilo mbele ya watu. Binti yangu Naila akaniambia, "Mama, hiyo dhambi." Nikamwambia dhambi yangu nitaibeba mwenyewe, yeye abebe ya kwake. Na anayo, ndogo tu, hakuikusudia. Nitafika huko.

Kwanza nikwambie Mwalimu Kamugisha ni nani, kwa sababu ukimwona barabarani utampita. Ni mtu wa Ihembe, mrefu, mwembamba, koti lile lile la kahawia mvua na jua. Nyuma ya nyumba ana migomba na kahawa kama kila mtu wa huko, na shamba analisimamia mkewe, Placidia, kwa sababu yeye mwenyewe ukimpeleka kupalilia atahesabu mashina badala ya kupalilia. Hayo si maneno yangu, ni ya Placidia. Kanisani kwao Walutheri anaimba sauti ya nne. Kazi yake ni ualimu wa hesabu shule ya msingi, na kwa miaka kumi na tisa mfululizo alikuwa Mwalimu wa Saba. Watu hawakumwita Kamugisha, walimwita hivyo hivyo, Mwalimu wa Saba. Mzazi akihamishiwa mtoto darasa lile alikuwa anapumua. Hesabu ya Darasa la Saba ndiyo ilikuwa heshima yake yote mjini na kijijini, hana nyingine, hana gari, hana nyumba ya ghorofa, hana cheo. Shika hilo, maana ndilo lililoibiwa.

Mimi ni Mwanamisi, nina duka la steshenari hapa Nyaishozi. Babu yangu alikuja na vitambaa kutoka Pangani akaoa huku akazikwa huku, kwa hiyo Runyambo naongea kuliko baadhi ya Wanyambo, na wakinisengenya nasikia. Mwalimu alikuwa anakuja kwangu kila Jumamosi kwa baiskeli. Ananunua penseli, kalamu hataki. Anasema hesabu inayoandikwa kwa kalamu ni ya mtu anayejiamini kupita kiasi. Halafu anakaa kwenye benchi langu la nje na kaunta buku yake magotini, na hapo huwezi kumwondoa mpaka adhuhuri.

Siku moja nilimuuliza anafanya nini. Akaniuliza, "Mama Naila, ukiwa na maandazi sitini, unaweza kuyagawa sawasawa kwa watu wangapi bila kukata hata moja?"

Nikasema wawili. Watatu. Kumi.

"Endelea."

Tukaendelea. Mtu mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, kumi, kumi na wawili, kumi na watano, ishirini, thelathini, sitini. Njia kumi na mbili. Akaniambia hivyo ndivyo vigawo vya sitini, na kwamba hakuna namba iliyo chini ya sitini yenye vigawo kumi na viwili, zihesabu zote utachoka bure. Basi mwenzangu akafurahi utadhani maandazi ameyala yeye. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe una wazimu." Akasema, "Tuko wawili."

Wa pili ndiye Nolasco.

Walisoma chuo cha ualimu pamoja, mwaka tisini na sita, kitanda cha juu na cha chini. Nolasco ni wa upande wa Kyerwa, na baadaye akawa mwalimu mkuu huko. Walipomaliza chuo walikula kahawa. Usiponielewa, nikueleze: tunda la kahawa ukilipasua lina mbegu mbili zimekumbatiana, na watu wa huku wakitaka kuwa ndugu wa kweli, kila mmoja anatafuna mbegu moja ya tunda lile lile. Omukago, wanaita. Zamani walichanjana na damu ikawemo, lakini hawa ni watu wa kanisa, wakaiacha damu, wakabaki na kahawa. Na wao wakaongeza sharti lao la kiwazimu. Kila wiki mmoja atamtumia mwenzake fumbo la namba, na fumbo litafumbuliwa kwa kichwa na penseli tu. Mashine hapana. Hata kalkuleta hapana.

Kuna jambo moja la omukago ambalo lazima ulijue, la sivyo utamwona Mwalimu mjinga, na mjinga siye. Waliokula kahawa hawaulizani. Mwenzako akikuambia kitu, ndicho. Ukimuuliza "hii umeitoa wapi" au "kweli umefanya mwenyewe," umeshamwita mwongo, na aliyemwita nduguye mwongo ndiye aliyevunja undugu, hata kama nduguye kweli ni mwongo. Ndivyo alivyolelewa. Mimi ningeuliza siku ya kwanza. Ningeuliza kwa kelele.

Barua zilipitia kwangu. Dereva wa gari la abiria, Noah itokayo Kyerwa, anaacha bahasha kaunta, Jumamosi Mwalimu anaichukua na kuacha ya kwake. Simu walikuwa nazo, lakini mafumbo waliandika kwa mkono. Miaka na miaka nimezishika bahasha hizo. Na mwenendo wao niliujua: fumbo likitoka kwa mmoja, jibu linachukua wiki mbili, tatu, wakati mwingine mwezi, na likirudi limejaa karatasi nne za njia, alama za kufuta, na maneno ya utani. "Kichwa chako kimeota ukungu." "Nimekulia fumbo lako na chai." Mwalimu alikuwa anacheka peke yake kwenye benchi hadi wateja wananiuliza kama mzee ni mzima.

Sasa dhambi ya Naila. Mwaka wa elfu mbili na ishirini alikuwa amemaliza chuo cha kompyuta, yuko hapa dukani anasubiri kazi. Nolasco akaja mwenyewe, kapanda gari mbili, na laptopu begani. Akaniamkia vizuri sana. Akasema anataka programu ndogo ya kuwafundishia wanafunzi wake tarakimu na vigawo, je, binti anaweza? Naila anaweza. Alikaa naye siku mbili kwenye meza ile ya kutolea kopi. Akamwandikia, akamfundisha jinsi ya kubadilisha mstari mmoja ili kubadilisha swali. Nilimuuliza Naila kile kitu kinafikirije. Akacheka. "Hakifikirii, Mama. Kinajaribu namba moja moja mpaka kikute. Sisi tungechoka, chenyewe hakichoki." Nikaona ni jambo jema, watoto wa Kyerwa watafaidi. Nikampikia Nolasco wali. Wali wangu, wallahi, bado unaniuma.

Kuanzia hapo bahasha zikabadilika. Sikujua maana yake, niliona tu. Mwalimu akituma fumbo Jumamosi, Jumatatu dereva ananiletea jibu. Karatasi moja. Namba tu, safi, haina alama ya kufuta. Mwalimu aliuliza mara moja namba ndogo kuliko zote yenye vigawo mia moja kamili, na hilo alilitunga yeye mwenyewe kwa wiki tatu. Jibu likarudi na gari lile lile: 45,360. Basi. Njia haikuandikwa, utani haukuandikwa. Mwalimu akaligeuza karatasi kuangalia nyuma.

"Nolasco amekuwa hatari," akasema. Alisema kwa kujivunia. Ndugu yake amekuwa hatari.

Na mafumbo ya Nolasco yakawa mazito. Moja lilikuwa hivi, nalikumbuka kwa sababu lilimla Mwalimu kuanzia Februari hadi Juni: tafuta namba inayotumia tarakimu zote kumi, sifuri hadi tisa, kila moja mara moja tu, na igawanyike kwa kila namba kuanzia moja mpaka kumi na nane. Mwalimu akakuta kwamba namba yoyote inayogawanyika kwa zote hizo lazima iwe imetokana na 12,252,240. Hapo akili yake ilifanya kazi, hiyo hatua tu ingewashinda wengi. Kisha akaanza kuizidisha ile namba kwa themanini na nne, maana chini ya hapo haifikii, halafu themanini na tano, themanini na sita, kila safari akiangalia kama tarakimu zinajirudia. Kaunta buku mbili ziliisha. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa penseli. Placidia alinipigia simu akaniambia, "Mwanamisi, muuzie huyu mtu kitu kingine, hata peremende."

Alipofika mia moja tisini na tisa, akaipata. 2,438,195,760. Alikuja kunionyesha siku ya Jumatano, siku isiyo yake, amekimbiza baiskeli kutoka Ihembe kwa mapumziko ya mchana. Nikahesabu tarakimu kwa kidole, kumi, hakuna iliyojirudia. Nikamnunulia soda. Miezi minne ya kichwa cha mtu ilikuwa kwenye mstari ule mmoja, na nilijua ninachokiona.

Jibu la Nolasco likaja Ijumaa. "Sawa. Ila ziko nne, ndugu yangu." Na zote nne zimeandikwa chini, ile ya Mwalimu kwanza, halafu nyingine tatu.

Nilikuwepo alipolisoma. Alikaa kwenye benchi. Hakufungua kaunta buku. Mwishoni akaniambia, "Mama Naila, mimi na huyu mtu tulikuwa sawasawa. Miaka ishirini na zaidi tulikuwa sawasawa. Yeye hakuongezeka, mtu wa umri wetu haongezeki. Basi mimi nimepungua."

Nikamwambia aache upuuzi. Lakini ulishaingia. Alianza kujichunguza. Akisahau jina la mtoto darasani, kichwa. Akiweka miwani mfukoni akaitafuta mezani, kichwa. Alikwenda hospitali kuomba waangalie ubongo, daktari akampima presha akamwambia anywe maji. Akawa anawaza watoto wa Saba. Aliniambia, "Hawa wana mtihani wa taifa. Siwezi kuwafundisha na kichwa kinachooza halafu nijidai." Sasa unaelewa ni mtu wa namna gani. Mwingine angeficha. Yeye alichoogopa ni kuwadhulumu watoto.

Naye kwa kuwa ana ndugu, akamwandikia nduguye. Barua ile alinisomea kabla ya kuifunga. Alimweleza yote, presha, miwani, majina. Akamalizia, "Wewe ndiye unayekijua kichwa changu kuliko mtu yeyote. Niambie ukweli. Niwaache watoto wa Saba, au niendelee?"

Na jibu pia alinisomea. Nalijua kwa moyo, si refu. "Ndugu yangu, umri ni umri. Hata mimi nimekuona siku hizi unachelewa. Hakuna aibu. Waachie vijana Darasa la Saba, upumzike."

Jumatatu yake akaenda kwa mwalimu mkuu wa shule yake akaliachia darasa. Wakampa Darasa la Nne, na Saba akapewa binti mmoja, Mwalimu Mackrine, mtu mwenye adabu na mwenye kazi nzuri, simlaumu kwa lolote. Watu wakaendelea kumwita Mwalimu wa Saba kwa mazoea, naye akawa anawasahihisha. "Wa Nne," anasema. "Wa Nne sasa." Nilikuwa nasikia nikiwa ndani, naacha ninachofanya. Mwaka mzima na nusu nimesikia hivyo.

Mafumbo yalipungua. Aliona aibu kumtumia Nolasco vitu vyepesi, na vizito alikuwa haviamini tena. Hadi mwaka jana, mwezi wa Agosti. Alikuja Jumamosi amechangamka kidogo, nikashukuru Mungu. Alikuwa amewafundisha watoto wake wa Nne ile kanuni ya tatu: ukitaka kujua kama namba inagawanyika kwa tatu, usihangaike kugawa, jumlisha tarakimu zake, na jumla ikigawanyika kwa tatu, namba nayo inagawanyika. Watoto wameshika vizuri. Basi akatunga utani. Akaandika, akanionyesha huku mabega yanamtikisika kwa kicheko:

"Ndugu Nolasco, nitafutie namba yenye tarakimu moja hadi tisa, kila moja mara moja, ambayo haigawanyiki kwa tatu. Nakupa mwezi mzima."

Sikucheka kwa sababu sikuelewa. Akanieleza. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa, jumlisha, unapata arobaini na tano. Uzipange vyovyote, mbele nyuma, jumla ni ile ile arobaini na tano, na arobaini na tano inagawanyika kwa tatu. Kwa hiyo namba ya namna hiyo haipo na haiwezi kuwepo, na mtoto wa Nne wa Ihembe anaweza kukwambia kwa nini kabla hajamaliza kunywa uji. Ni kama kumtuma mtu dukani kununua maji makavu. Nolasco akiliona atacheka, atamtukana kidogo, ataandika "Darasa la Nne limekuambukiza," na mambo yatarudi kama zamani. Hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, si fumbo. Alikuwa anamtafuta rafiki yake.

Jumatatu bahasha ikafika. Mwalimu alikuja kuichukua Jumamosi. Naila alikuwepo siku hiyo, siku hizi ana kazi Kayanga lakini mwisho wa wiki anarudi. Mwalimu akafungua amesimama, uso tayari umekaa kucheka. Kisha uso ukabaki hivyo hivyo, kicheko hakikuja. Akaliweka karatasi juu ya kaunta.

Limeandikwa: "Haipo. Nimezipitia zote 362,880."

"Hakucheka," akasema Mwalimu.

Nikamwambia labda ana kazi nyingi.

"Mama Naila, hakucheka. Mwalimu wa hesabu." Alikuwa anaongea polepole sana. "Amezipitia. Namba laki tatu na zaidi. Moja moja. Kwa nini mtu azipitie?"

Naila akasogea akachungulia. Nakuapia, yule mtoto hakuwa na nia mbaya. Akasema, "Ah, ile programu yangu bado anaitumia? Niliiwekea mwishoni iandike imepitia ngapi." Akawa anatabasamu. Alifurahi kazi yake imedumu miaka minne.

Nilimwona Mwalimu akishika ukingo wa kaunta. Hakuniuliza kitu mimi, alimuuliza Naila, kwa upole, kama anavyowauliza wanafunzi. "Programu gani, binti yangu?"

Naila akaeleza. Laptopu, siku mbili, mstari wa kubadilisha. Kadiri alivyokuwa akieleza ndivyo alivyokuwa akielewa mwenyewe, na sauti ikawa inapungua, hadi akasema, "Alisema ni ya wanafunzi, Mwalimu." Akaanza kulia. Mimi sikulia. Mimi nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona maishani, na nimeolewa mara mbili.

"Ile ya tarakimu kumi," Mwalimu akauliza, "nayo inaipitia?"

"Hiyo ni ndogo," akasema Naila. "Kufumba na kufumbua."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Akachukua baiskeli yake akaondoka na penseli hakununua.

Wiki iliyofuata alimpigia simu Nolasco. Neno moja tu, "Njoo." Na akamwambia aje dukani kwangu, si Ihembe. Nilimuuliza kwa nini kwangu. Akasema, "Akiingia nyumbani kwangu ni lazima nimlishe." Placidia alitaka kuja, akamkatalia. Nadhani hakutaka mke amwone.

Nolasco akaja na suti, mwalimu mkuu mzima, ananyoosha mkono, "Shikamoo mama mwenye duka," kwa utani, maana tunalingana umri. Sikujibu. Wakakaa kwenye benchi. Nilisogea mlangoni nikasimama, wala sikujificha.

Mwalimu akampa lile karatasi la jibu, chini yake ameliandika tena swali. Nolasco akalisoma na nikaona anavyolitazama swali kwa mara ya kwanza. Nakwambia alikuwa hajawahi hata kulifikiria. Aliliingiza tu kwenye ile programu. Midomo ikajumlisha kimyakimya, na ilipofika arobaini na tano uso ukamshuka.

"Kamugisha," akasema.

"Sikuulizi," akasema Mwalimu. Kwa sababu waliokula kahawa hawaulizani, unaona? Hata hapo alikuwa anaushika undugu. "Nimekuita useme mwenyewe."

Basi akasema. Mwanzoni ilikuwa fumbo moja tu, alikuwa na ukaguzi shuleni, muda hakuna. Halafu la pili. Halafu ikawa raha kushinda. Akasema, "Na kwani ni nini, Kamugisha? Ni mchezo tu wa namba. Siku hizi dunia nzima inatumia kompyuta. Hata wewe ungepata, ungetumia."

Mwalimu akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mafumbo nimekusamehe. Ile barua ya kunipumzisha. Hiyo nayo iliandikwa na programu?"

Nolasco akalikunja lile karatasi mara mbili.

"Umevunja undugu wewe, kwa hiyo sasa nauliza. Ulipoandika nimechelewa, ulijua kwa nini unaniona nimechelewa?"

"Nilijua."

"Ulijua sina ugonjwa."

"Nilijua." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Ningekwambia usiache, ungejiuliza mimi nafanyaje. Ungefika kwangu. Nikaona, darasa ni darasa tu, utapewa lingine."

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia amemtoa mtu akili yake akaivaa yeye kama suti ile, nikamwambia watoto wa watu wamekosa mwalimu mwaka mzima na nusu ili yeye asionekane mvivu, nikamwambia wali wangu autapike. Watu walisimama barabarani. Nolasco akainuka, akamwangalia Mwalimu amtetee, na kweli, ningekuwa mimi nduguye labda ningemtetea hata hapo. Mwalimu hakunyanyuka. Mgeni kwa huku husindikizwa hadi barabarani, hata adui. Nolasco alikwenda peke yake.

Ungedhani yameisha hapo. Mimi nilidhani. Nilienda mwenyewe Ihembe kwa bodaboda nikamweleza Mwalimu Mackrine, na yule binti hakungoja nimalize, akaenda kwa mwalimu mkuu akasema, "Mwenye darasa arudishiwe." Januari hii wakamrudishia Saba. Placidia alichinja kuku. Watu wakasema, Mwalimu wa Saba amerudi, na yeye hakuwasahihisha.

Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa akaja dukani. Nikatoa penseli kabla hajasema. Akazipokea, kisha akaangalia kwenye kabati la kioo.

"Naomba na kalkuleta. Ile kubwa, yenye namba zinazoonekana vizuri."

Nikamwambia, "Mwalimu, ya nani?"

"Yangu. Ya darasani."

Nikamwambia hana haja nayo. Nikamwambia sasa anajua, Nolasco amesema kwa mdomo wake, kichwa hakikuwa na kitu, kilikuwa kizima siku zote. Niliongea sana, labda nilipaza sauti.

"Najua," akasema. "Kujua najua. Lakini nikisimama ubaoni nikaandika jibu, nangoja."

"Unangoja nini?"

Akainyooshea kidole tena ile kalkuleta. Nikaitoa kabatini, nikaiwekea betri, kwa sababu ningefanya nini. Akaijaribu pale pale kaunta. Akasema kwa sauti ya chini, "Saba mara nane, hamsini na sita." Akabonyeza saba, alama ya kuzidisha, nane, alama ya sawasawa, akainamisha uso karibu na kioo chake kusoma, na nilimwona anashusha pumzi.